Udi wa Maiti Hauna Bei

Nilipata habari kwamba tuko wawili siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri, nikiwa nimekaa mkekani navunja udi kwenye sinia. Mimi wa kwanza ndiye huyu anayeandika: mwanamke wa Likoni, masomo yangu yaliishia kidato cha nne, mtu wa ndani kiasi kwamba majirani wakiniona njiani huulizana nani amefiwa. Mimi wa pili alikuwa akiishi ndani ya simu, na kwa kila kitu alikuwa amenishinda.

Hodi iliyoleta habari hizo ilipigwa na mama mmoja mnene, mpole, buibui limemganda mabegani kwa jasho. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajapata maji. Basi alikunywa, akazijibu salamu za mama mkubwa moja moja, za kwake, za watoto, za jua, za foleni ya feri, kisha akaweka bilauri chini.

"Nimekuja kujichukulia ule udi wa mwanangu," akasema. "Mlisema mtaleta, nami nikaona niwapunguzie kazi."

Niliangaliana na mama mkubwa. Mama mkubwa ni dada yake mamangu, ndiye aliyenilea, na biashara hii ni mikono yake. Yeye huyeyusha sukari, hutia vipande vya udi, huepua kwa wakati ambao hajawahi kunieleza ni upi, kisha humimina mafuta na miski na kukoroga bila kuangalia. Mimi huvunja ukishapoa, hupiga picha, hujibu simu. Nikiulizwa na watu husema napika udi. Mama mkubwa akinisikia hukohoa.

"Udi upi, mamangu?" akauliza.

"Ule wa bi harusi, ule wa juu. Si nikahi ni Ijumaa."

Akatoa simu kwenye mkoba, akanionyesha. Sinia lilikuwa letu, lile lililobonyea pembeni. Chetezo cha kufukizia kilikuwa chetu. Mikono iliyoshika chetezo ilikuwa ya mama mkubwa, na hina ya Idi ingali kwenye kucha. Hata jina la biashara lilikuwa letu, herufi kwa herufi. Kilichokuwa si chetu ni nambari ya simu, na nambari hiyo ndiyo iliyopokea pesa zake zote wiki iliyopita. Tangu hapo alikuwa akiahidiwa pikipiki. Jumamosi pikipiki ilipata pancha. Jumapili mwenye pikipiki alikuwa na harusi yake mwenyewe. Jumatatu mvua, na Kiembeni anakokaa yeye hakukuwa na tone.

Kosa la yule mwenye nambari lilikuwa hapo. Alifikiri mtu wa Kiembeni hawezi kuja Likoni kwa ajili ya kopo la udi. Hamjui mama mwenye bi harusi ndani ya nyumba. Huyu alishuka feri akamwuliza muuza mihogo wa kwanza, "Kwa wapika udi ni wapi?" Wa kwanza akamwonyesha mtaa, wa pili akamwonyesha kichochoro, wa tatu akaacha mihogo yake akamfikisha mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno kichwani. Nimwambie pole, umeibiwa, na sisi tumeibiwa vilevile, kituo cha polisi kiko njia ile. Maneno mazuri, ya mtu aliyesoma. Nikafungua mdomo.

"Utapata udi wako," akasema mama mkubwa. "Alhamisi."

Nikamwita jikoni kana kwamba kuna kitu kinaungua.

"Mama mkubwa, pesa kachukua mtu mwingine."

"Kachukua kwa jina la nani?"

"Letu."

"Haya."

"Haya nini? Na wakija kumi?"

"Wakija kumi tutajua tulikuwa na jina kubwa," akasema. "Chukua ile bilauri, umwongeze maji mgeni."

Tuliporudi barazani niliomba nisome mazungumzo yao, yule mama na yule mimi wa pili. Nilitaka kuona uongo wake. Nilichokiona kimenikaa mpaka leo.

Kwanza, alikuwa akisalimu. Si salamu za mkato. "Shikamoo mama. Umeamkaje? Na wa nyumbani hawajambo? Na bi harusi wetu, moyo wake umetulia?" Kila asubuhi, kabla ya neno la biashara. Kisha aliulizwa udi wenyewe ukoje, akaandika: "Udi huu, mama, huwashi ukaenda zako. Ukiuwasha utajikuta umekaa, na atakayekuja kukuita naye atakaa."

Niliyasoma maneno hayo mara mbili, mara ya tatu nikayasoma kwa sauti. Miaka mingi napiga picha za udi ule, na chini yake naandika: *Udi. Upo.* Mteja akiniuliza kama ni mzuri, namwandikia: *Ndiyo.* Akiuliza sana, *Kesho.* Kuna mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ni mtu au ni mashine, nami sikumjibu, nikaona ananichezea.

Mama mkubwa alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa mtoto wa mbali.

"Huyu kazaliwa na watu," akasema.

"Ni mwizi, mama mkubwa."

"Kwani wezi hawazaliwi? Soma."

"Mimi wallahi nilimwombea dua," akasema yule mama, taratibu, anaona haya. "Nilisema, Mungu amjalie mtoto huyu, ana adabu."

Hasira niliitafuta nikaipata kidogo tu. Kubwa zaidi ilikuwa mshangao. Mtu ambaye hajawahi kunusa sinia letu, pengine hajui udi unaingia chetezoni au chunguni, alikuwa amekaa mahali akautazama kwa picha zangu mbovu akaona kitu ambacho mimi nimekilalia na kukiamkia bila kukiona.

Mama mkubwa alifumbua macho. "Mwulizeni udi wa maiti," akasema.

Hapa nieleze. Kwetu mtu akifa, udi huwashwa anapooshwa, na sanda hufukizwa kabla hajavishwa. Anayekuja kwetu kutaka udi wa kazi hiyo hatumwuzii. Tunafunga kwenye karatasi, tunampa kwa mikono miwili, hatuulizi ni nani aliyefariki wala wa dini gani, na akiacha noti chini ya mkeka tunamfuata nayo njiani. Ndivyo alivyofanya nyanya yake mama mkubwa, ndivyo tunavyofanya. Sijawahi kuliandika jambo hilo kwenye ukurasa wetu, maana nani atatangaza msiba chini ya picha ya harusi? Yule mtu alikuwa amenakili kila nilichokiweka. Hili sikuliweka.

Shida ilikuwa yule mama. Alishika simu, asiandike.

"Nitasema nani amefariki?" akauliza. "Nikimtaja mtu nitamletea nuksi. Na wiki hii ya harusi."

"Sema jirani," nikamwambia.

"Jirani yangu amefanyiwa upasuaji juzi."

"Basi sema mtu usiyempenda."

"Huyo ndiye jirani."

Mama mkubwa akamaliza mabishano. "Andika: nataka udi wa kufukizia sanda. Hujasema ya nani wala lini. Sote tutautaka siku moja. Hapo umedanganya nini?"

Akaandika. Jibu halikukawia. Kwanza lilikuja la pole, zuri, lenye dua mpaka yule mama akaitikia amina bila kujitambua. Kisha likafuata la pili: upo wa kawaida na upo wa juu, na bei ya kila mmoja, na kwa sababu ya msiba usafiri atausamehe.

Nilimtazama mama mkubwa nikidhani atafurahi kwamba tumemnasa. Alikuwa ameshika shavu.

"Kamwuzia maiti," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu njiani ambacho asingependa kukiona. Kisha akanigeukia. "Hiyo simu yako inaweza kupeleka sauti?"

"Inaweza."

"Ishike hapa."

Nikaishika karibu na mdomo wake. Mama mkubwa hajui kuzungumza na simu, kwa hiyo alizungumza kama anazungumza na mtu aliyesimama mlangoni. Alisalimu. Akataja jina lake na la mamake. Akasema kuna mtu anauza udi kwa jina lake, naye hamjui, na hamlaani. "Mkitaka kujua kama mnasema na sisi," akasema, "ulizeni bei ya udi wa maiti. Akiwatajia bei, si sisi. Sisi hatuna bei hiyo. Asalaam aleikum." Kisha akaniuliza kama amemaliza.

Makundi yangu ya simuni ni matatu: la chama cha harusi, la wazazi wa madrasa, la mtaa. Katika yote ni mtu wa kimya, nadhani walishanisahau kama nimo. Nikapeleka ile sauti kwenye yote matatu. Kabla ya alasiri ilikuwa imenirudia kutoka kwa watu nisiowajua. Mmoja wa Changamwe, mtaa wa Airport. Mmoja wa Mkomani, aliyesema amepelekewa na mkwewe. Mama mkubwa hajavuka feri tangu macho yaanze kumsumbua, na mimi huvuka nikilazimishwa, na sasa sauti yake ilikuwa imezunguka pande zote hizo na kurudi nyumbani nasi hata chai hatujanywa.

Nadhani siku ile yule mtu aliamini tauni imeingia Mombasa. Kila mwanamke alimwuliza udi wa maiti. Wanawake walikuwa wakiniletea majibu yake, nami nikiwasomea walio barazani, maana baraza lilikuwa limeshajaa. Pole zake hazikufanana hata mbili. Kila aliyefiwa alipata yake. Mmoja wa Changamwe alibishana naye bei karibu saa nzima, akamshusha mpaka nusu, na alipokubali, mwanamke yule akamwandikia: "Kaa nao. Utakufaa mwenyewe."

"Ana ulimi huyo," akasema mama mkubwa, lakini alicheka mpaka akafuta macho.

Asubuhi ya Jumatano tukaingia jikoni, na hapo kicheko kikakatika. Udi wa bi harusi hupikwa kwa vipande vya udi wa juu, na kopo la vipande hivyo lilikuwa na vumbi tu. Nilimpigia anayetuuzia, ng'ambo ya kisiwani. Akaniambia mzigo wake haujafika, labda Jumatatu, inshallah. Nikaja na akili zangu za kidato cha nne: tuchanganye wa kawaida, tuongeze miski, tuongeze mafuta, moshi ni moshi, nani atajua?

Mama mkubwa hakunigombeza. Angenigombeza ningeona nafuu. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, nikasikia sanduku likifunguliwa. Ndani ya sanduku hilo kuna sanda yake. Ameiweka tangu nikiwa mdogo, imekunjwa, pamoja na pamba na chupa ya marashi. Wazee wa kwetu huweka, wasije wakawapa watu tabu siku hiyo. Na kuna kopo dogo la bati ambalo nimekatazwa kuligusa tangu utoto.

Alirudi nalo. Alipolifungua, harufu ilitoka polepole, kama mtu mzima anayetoka chumbani akijua watu watamngoja. Vipande vilikuwa vyeusi, vizito, vinang'aa mafuta.

"Mama mkubwa," nikasema. "Hivyo si ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Vya siku ile."

"Siku ile nitanusa mimi?" akasema. "Maiti hanusi. Bi harusi ananusa. Washa jiko."

Nikawasha. Sukari ikanimwagika, akakohoa. Nimemwona akipika mara nyingi sana, na siku ile ndiyo ya kwanza kutazama. Sukari ilipogeuka rangi hakusema kitu. Alipotia vile vipande alitia kimoja kimoja, kama anayehesabu watoto wanaoingia madrasa, na kila kimoja alikitazama kidogo. Hakubakisha. Aligonga kopo kwenye ukingo wa sufuria ili hata vumbi liingie.

Jioni ukawa umepoa, nikauvunja, tukautia koponi. Nikachukua simu nimwite mtu wa pikipiki.

"Weka hiyo," akasema. "Yule mama kaahidiwa pikipiki mara tatu. Atapelekewa na mtu."

"Mtu gani?"

"Kwani wewe ni nini?"

Basi Alhamisi asubuhi nikavaa, na jirani wa kwanza aliyeniona njiani akauliza nani amefiwa. Kwenye foleni ya feri nikafungua simu. Mwanamke mmoja wa Kisauni alikuwa ameniletea jibu jipya la yule mtu. Alimwuliza bei ya udi wa maiti, naye akamwandikia: "Pole sana mama. Udi wa maiti hauna bei kwetu. Hatuuzi."

Nilisimama pale watu wakinipita kwa mabega. Jambo ambalo mimi nililelewa nalo, yeye alilijifunza kwa siku moja na nusu, na akalisema vizuri kutushinda. Nikampigia mama mkubwa nikamsomea, nikimwambia tumekwisha, sasa hakuna wa kututofautisha naye.

"Vizuri," akasema. "Mwambieni alete."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nikaandika hivyohivyo kwenye yale makundi matatu. Na wanawake wakamwandikia. Lete basi, tuko msibani. Lete, maji ya kuoshea yako tayari. Lete, tunakungoja mlangoni. Maneno aliweza kuyachukua yote, ila hilo lilimtaka awe na udi mkononi, na miguu. Nilipofika ng'ambo ukurasa wake ulikuwa haupo tena. Nasikia siku hizi anauza mapazia, kwa picha za mtu mwingine, na wateja wanamsifu.

Kiembeni nilifika nikiwa nimepotea mara mbili. Nyumba ilikuwa imejaa, sufuria uani, viatu mlangoni kama sokoni. Yule mama aliniona na kopo. Alilishika kwa mikono yote miwili, akakaa chini palepale kwenye ngazi, watu wakampita na masinia. Nilijua basi kwamba muda wote huo alikuwa hajaamini, na hakuwa amemwambia mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Nikaingizwa chumbani kwa wanawake. Habari zilikuwa zimenitangulia.

"Ndiye huyu wa kwenye simu? Aliyekuwa akituandikia yale maneno?"

"Siye," nikasema.

"Kumbe wewe ndiye wa kweli?"

"Ndiyo."

Wakangoja niongeze.

"Basi yule mwizi afunzwe kupika," akasema mmoja aliyekuwa akitunga asumini, "na huyu afunzwe kusema." Wakacheka, nami nikacheka, maana ni haki yao.

Kisha wakawasha. Bi harusi alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, nywele zote zikaanguka mbele, na chetezo kikawekwa chini yake. Kipande kimoja juu ya kaa. Moshi ulipanda ndani ya nywele zile taratibu, ukapotea, ukatokea juu kisogoni. Yule aliyekuwa akitunga asumini alinyamaza. Aliyekuwa akipita na birika alisimama, akakaa. Mwingine alikuja mlangoni kumwita mtu, akasahau alikuja kumwita nani, naye akakaa. Nilikumbuka yale maneno nikaona kwamba mwizi hakudanganya hata kidogo. Sijui alijuaje.

Mimi sikuwa nimewahi kuona udi wetu ukifika kichwani mwa mtu. Huuvunja, nikautia koponi, ukaondoka. Nilidhani kazi inaishia kwenye kifuniko. Sasa nilikuwa nimekaa kona, magoti kifuani, natazama kopo la siku ya mwisho ya mama mkubwa likiingia kwenye nywele za mtoto asiyemjua.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye kitanda, nyanya yake bi harusi. Alinusa mara moja, mara mbili.

"Huu si udi wa siku hizi," akasema. "Nani kaleta?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mmeutoa wapi?"

"Ulikuwa umewekwa."

"Umewekwa na nani?"

"Na mwenyewe."

Alinitazama kwa muda. Ni mzee, na bila shaka naye ana sanduku lake. "Msalimie mwenyewe," akasema. "Mwambie nimeunusa."

Nilirudi Likoni jua likiwa limeinama, miguu imevimba. Mama mkubwa alikuwa barazani na mwanamke mwingine aliyeibiwa na yule mtu, wa Mkomani, anampa kopo la udi wa kawaida na maji ya pili. Alingoja mgeni aondoke.

"Udi ulishika nywele?"

"Ulishika. Kuna bibi huko anakusalimu. Anasema ameunusa."

Akatikisa kichwa kidogo, akavuta mkeka nikae.

Tangu siku ile kila mzigo wa udi wa juu ukija nachagua kipande kimoja, kile kizito kuliko vyote, nakitia kwenye lile kopo la bati na kulirudisha sandukuni. Nilidhani nafanya kwa siri. Juzi amenikuta nimepiga magoti, mkono umo ndani ya sanduku.

"Wanikusanyia," akaniuliza, "au waniharakisha?"

"Nakukusanyia, mama mkubwa."

"Basi kidogo kidogo," akasema. "Sina safari ya karibuni."